Saa za Bure za Chekechea na Ruzuku za Mzazi: Nani Apangaye Ratiba ya Mtoto?

Mwalimu wa watoto wadogo hufundishwa chuoni namna ya kupanga ratiba ya siku, ratiba ya juma na azimio la kazi la muhula mzima. Hufundishwa pia kwamba mada hazina budi kufuatana, na kwamba jambo jipya hujengwa juu ya lile ambalo mtoto amekwisha kulifahamu. Lisilofundishwa ni kwamba ratiba ya mtoto huenda ikawa imekwisha kupangwa na mtu mwingine kabla mwalimu hajashika kalamu, na kwamba mtu huyo ni mzazi aliyeketi usiku na hati ya mshahara wake, akijumlisha na kutoa. Maoni ninayokusudia kuyatoa hapa ni kwamba hesabu ya mzazi huyo ni jambo la mbinu za ufundishaji, wala si la maofisa wa ustawi wa jamii peke yao. Nitatumia mfano wa Uingereza, hasa ile sehemu yake iitwayo England, kwa sababu huko hesabu hii imekuwa ngumu kuliko mahali pengi, na kwa sababu nasi tumo njiani kuanza kuipiga.

Kwanza tuyaone mambo yalivyo. Katika England kila mtoto wa miaka mitatu na minne anastahili saa 15 kwa juma za elimu ya chekechea bila malipo, kwa majuma 38 ya mwaka, ambazo jumla yake ni saa 570. Kabla ya mwaka 2010 zilikuwa saa 12 na nusu kwa juma. Saa hizi hazimwulizi mzazi kazi yake, wala kipato chake, wala nchi alikotoka. Ni za mtoto kwa kuwa ni mtoto. Mwezi wa Septemba 2017 zikaongezwa saa nyingine 15 kwa watoto wa umri huo ambao wazazi wao wanafanya kazi, na kati ya Aprili 2024 na Septemba 2025 utaratibu huu wa pili ukateremshwa hatua kwa hatua mpaka ukawafikia watoto wa miezi tisa. Kwa hiyo sasa mtoto wa mfanyakazi hupata saa 30 kwa juma tangu angali anatambaa.

Sharti la utaratibu huu wa pili ni kwamba kila mzazi aliyemo nyumbani awe na kipato kisichopungua malipo ya saa 16 kwa juma kwa kima cha chini cha mshahara, na asiwepo hata mmoja ambaye kipato chake kinazidi pauni 100,000 kwa mwaka. Msomaji azingatie maneno haya. Watu wengi husema kwamba mzazi hana budi kufanya kazi saa 16. Lakini kanuni haihesabu saa, inahesabu fedha. Kima cha chini kilichowekwa Aprili 2025 kwa watu wa miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, na mara 16 hiyo ni pauni 195.36. Anayelipwa pauni 20 kwa saa alikifikia kiwango hicho kwa muda usiotimia saa 10, na mfagiaji wa ofisi alikifikia kwa saa 16 kamili. Hivyo mzazi mwenye ujira mdogo ndiye anayetakiwa kukaa mbali na mwanawe muda mrefu zaidi ili mwanawe apate haki ile ile. Sijapata kusikia hoja yoyote ya elimu inayoweza kulitetea jambo hili.

Mbali na saa za bure ziko ruzuku mbili za fedha ambazo mzazi aweza kuziunganisha na saa hizo, ila hawezi kuziunganisha hizo mbili zenyewe kwa zenyewe. Moja ni ile iliyomo ndani ya malipo ya serikali yaitwayo Universal Credit, ambayo humrudishia mzazi mpaka asilimia 85 ya gharama za malezi, bila kupita kiwango cha juu kilichowekwa kwa mwezi. Ruzuku hii haina idadi ya chini ya saa za kazi. Yatosha kuwa na kazi ya malipo, japo ya saa chache, na katika ndoa wote wawili wawe nayo. Ya pili huitwa Tax-Free Childcare, iliyoanza mwaka 2017: mzazi akiweka pauni 8 katika akaunti maalum, serikali huongeza pauni 2, mpaka ifike pauni 2,000 kwa mwaka kwa kila mtoto, au 4,000 ikiwa mtoto ana ulemavu. Hii ya pili ina sharti lile lile la kipato cha saa 16.

Sasa tuwachukue wazazi wawili wa kukadiria. Kwa urahisi wa hesabu tuseme kituo chao hutoza pauni 7 kwa saa na hufungwa juma moja tu kwa mwaka, wakati wa Krismasi.

Mama wa kwanza hufanya kazi siku tatu kwa juma, na pamoja na safari mtoto wake wa miaka mitatu hukaa kituoni saa 27. Kwa majuma 51 hizo ni saa 1,377. Saa zake za bure ni 30 mara 38, yaani 1,140, na kituo humruhusu kuzitandaza mwaka mzima badala ya kuzitumia wakati wa mihula tu. Zinabaki saa 237 za kulipia, sawa na pauni 1,659. Akiwa katika Universal Credit atarudishiwa kiasi cha pauni 1,410 na kubakiwa na mzigo wa pauni 249. Akiwa katika Tax-Free Childcare atasaidiwa pauni 332 na kubakiwa na pauni 1,327. Tofauti si ndogo. Lakini kila njia ina mlango wake, na mwenye kipato cha wastani hupenya ule wa pili tu.

Mama wa pili hufanya kazi saa 12 kwa juma kwa kima cha chini, na mtoto wake anahitaji saa 14 za kituo. Mume wake ana mshahara uliowatoa katika Universal Credit. Kipato cha mama mwenyewe hakifiki kile cha saa 16. Kwa hiyo saa 30 amezikosa, na Tax-Free Childcare ameikosa pia. Ana zile 570 za kila mtoto. Anahitaji saa 714 kwa mwaka. Atalipa mwenyewe saa 144, yaani pauni 1,008, bila senti ya msaada. Akiongeza kazi ya saa nne tu kwa juma, mtoto wake hufunguliwa saa nyingine 570 kwa mwaka. Akipunguziwa saa nne na mwajiri, hufungiwa. Hafungiwi siku hiyo hiyo, kwa maana kuna muda wa kungojea, lakini hufungiwa. Wala hajui kwa mwaka mzima yuko wapi, maana mzazi hutakiwa kuthibitisha habari zake upya kila baada ya miezi mitatu.

Iko pia hesabu ya tarehe. Saa za bure huanza muhula unaofuata siku mtoto alipotimiza umri. Aliyetimiza miaka mitatu tarehe 31 Agosti huanza Septemba. Mwenzake aliyetimiza siku ya pili yake, tarehe 1 Septemba, hungoja mpaka Januari. Mzazi anayedai saa za wafanyakazi hana budi kuwa amepata namba ya kibali kutoka idara ya kodi kabla muhula haujaanza. Akichelewa, hungoja muhula mwingine hata kama masharti mengine yote ameyatimiza.

Huenda mwalimu mwenzangu akasema: hayo yote ni ya karani wa kodi, mimi kazi yangu ni kufundisha. Namwomba aitazame orodha ya mahudhurio.

Katika chumba kimoja cha watoto ishirini waweza kuwamo wanaokuja asubuhi tano za juma, wanaokuja Jumatatu na Jumanne kutwa, wanaokuja Jumatano mpaka Ijumaa, na wawili watatu ambao siku zao hubadilika kila mama anapobadilishiwa zamu. Mwalimu aliyepanga kufundisha maumbo Jumatatu, kuyalinganisha Jumanne na kuyapanga kwa ukubwa Alhamisi ameandika azimio zuri kwa ajili ya darasa ambalo halipo. Mtoto wa Alhamisi hakuliona la Jumatatu. Mtoto wa Jumatatu aliyeacha nyumba yake ya vipande vya mbao haijaisha, atakaporudi juma lijalo ataikuta imekwisha kubomolewa, na atajifunza somo ambalo hakuna aliyekusudia kumfundisha: kwamba kazi yake humalizwa au kuharibiwa na wengine.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, nami naomba tukae hapo kidogo. Saa 15 zaweza kuchukua maumbo mawili. Zaweza kuwa saa tatu kila asubuhi kwa siku tano, au zaweza kuwa siku mbili za saa saba na nusu. Kwa mweka hesabu ni kitu kimoja. Halmashauri hulipa fedha zile zile. Kwa mtoto wa miaka mitatu ni vitu viwili mbalimbali kabisa. Mwalimu akiulizwa atachagua asubuhi tano, kwa sababu lugha, urafiki na desturi za darasa hukua kwa kurudiwa karibu karibu, na kwa sababu mtoto anayelia Jumatatu huwa amekwisha kuzoea kufika Alhamisi. Mzazi mwenye kazi ya saa chache akiulizwa atachagua siku mbili, kwa sababu hakuna mwajiri wa kumpa kazi ya saa tatu za asubuhi ambayo ndani yake mna safari ya kwenda na kurudi. Wote wawili wana haki. Na kituo nacho kina hesabu yake, kwa maana hakilazimiki kutoa saa hizo wakati wowote mzazi autakao. Sheria yenyewe huruhusu zitumike kati ya saa 12 asubuhi na saa 2 usiku tu, na kwa siku moja zisipite saa 10. Mama anayesafisha ofisi kabla ya mapambazuko, kama wafanyavyo wengi waliohamia miji ile, wakiwamo wasemao Kiswahili, saa za bure hazimfai kwa saa ile hasa anayozihitaji.

Mgongano huu haukuzuka jana. Margaret McMillan na dada yake Rachel walipofungua shule yao ya watoto wadogo ya hewani huko Deptford, London, mwaka 1914, hawakutenganisha kuosha, kulisha na kufundisha. Mtoto wa maskini alipewa yote kwa kuwa yote aliyakosa. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, serikali ilifungua vituo kwa mamia ili akina mama waende viwandani, na vita ilipokwisha vingi vikafungwa, kana kwamba watoto nao walikuwa ni wa muda wa vita tu. Ripoti ya Plowden ya 1967 ilipendekeza chekechea kwa wingi, lakini aghalabu ya nusu siku, kwa imani kwamba mtoto mdogo hafai kutengwa na mama kutwa nzima. Mwaka 1972 Margaret Thatcher, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alitoa mpango wa serikali ulioahidi nafasi kwa sehemu kubwa ya watoto wa miaka mitatu na minne katika miaka kumi, na hizo pia nyingi zilikuwa za nusu siku, ahadi haikutimizwa. Katika muda wote huo shule za chekechea zilikuwa chini ya wizara ya elimu, na vituo vya kulelea watoto kutwa vilikuwa chini ya wizara ya afya. Ilikuwa mwaka 1998 ndipo zilipowekwa chini ya paa moja.

Kwa hiyo nia mbili zilizokuwa na historia mbili zilitiwa katika kipimo kimoja, yaani saa. Nia ya kwanza ni mtoto ajifunze. Nia ya pili ni mzazi afanye kazi. Nia zote mbili ni njema, lakini hazihitaji kiasi kimoja cha saa, wala umbo moja, wala watu wale wale. Ushahidi mkubwa tulio nao juu ya nia ya kwanza ni uchunguzi ulioanza England mwaka 1997 ukiongozwa na Kathy Sylva, Edward Melhuish, Pam Sammons, Iram Siraj-Blatchford na Brenda Taggart, ambao walifuata maendeleo ya watoto wapatao 3,000. Waliona kwamba chekechea humfaa mtoto, na kwamba miezi mingi ya kuhudhuria ina faida. Kuhudhuria siku nzima, hata hivyo, hakukuleta maendeleo zaidi kuliko nusu siku. Waliona pia kwamba ubora wa kituo hupanda pale penye wafanyakazi wenye elimu ya juu zaidi, hasa mwalimu aliyefuzu.

Matokeo hayo yana makali pande zote mbili. Yanatuambia kwamba serikali inapomwongezea mtoto saa kutoka 15 kwenda 30 haifanyi hivyo kwa ajili ya masomo yake. Inafanya hivyo kwa ajili ya ajira ya mzazi, na ni heri iseme hivyo waziwazi. Lakini pia yanambana yule anayesema kwamba saa za mchana ni za kupoteza wakati. Mama anahitaji saa hizo, mtoto atakuwapo, na kitakachofanyika ndani yake kitakuwa chema au kibaya kutegemea nani yumo chumbani.

Kosa kubwa la mpango wa England, kwa maoni yangu, ni kuitia haki ya mtoto katika mfuko wa mshahara wa mzazi. Mtoto wa mwaka mmoja ambaye mama yake hana kazi hana saa hata moja, ilhali jirani yake, mtoto wa watumishi wawili wenye mishahara minono isiyofika ile pauni 100,000, ana 30. Kuna msaada wa saa 15 kwa watoto wa miaka miwili wa jamaa zenye kipato kidogo, ulioanza 2013, na ni jambo la kushukuru. Lakini akifikisha miaka mitatu mtoto huyo atabaki na zile 15, na wenzake watakuwa na mara mbili yake. Hata mama aliyeko chuoni akisomea ualimu wa watoto hao hao hahesabiwi kuwa anafanya kazi, isipokuwa awe na ajira ya pembeni yenye kipato kile; yeye huelekezwa kwenye misaada mingine ya wanafunzi. Jirani zao wa Scotland walikata shauri jingine. Tangu Agosti 2021 kila mtoto wa miaka mitatu na minne huko ana saa 1,140 kwa mwaka, mama awe kazini, awe mgonjwa, awe anatafuta kazi. Darasa la Scotland halibadiliki kwa sababu mwajiri wa mtu amepunguza zamu. Mwalimu aliyepata kumpoteza mtoto katikati ya muhula, siku alipokwisha kuanza kusema katika kundi, atalifahamu hilo bila kuelezwa.

Nije kwetu. Tanzania ilitambua elimu ya awali katika Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995, na sera ya 2014 ikaifanya kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Ada katika shule za serikali ikaondolewa kuanzia 2016. Vituo vya kulelea watoto mchana viko chini ya mkono mwingine, mkono wa maendeleo na ustawi wa jamii, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009. Msomaji ataona kwamba mgawanyiko ule wa Kiingereza, wa elimu huku na malezi kule, tunao. Mpango wa taifa wa malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto uliozinduliwa Desemba 2021 umejaribu kuwaketisha wote pamoja, nao ni mwanzo mwema.

Saa za mzazi wetu hazifanani na za mzazi wa Manchester. Mtumishi mwenye mkataba hupata kwa sheria ya 2004 likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, na ruhusa ya kunyonyesha isiyozidi saa mbili kwa siku. Lakini mama lishe, muuza samaki, mkulima na mfuaji nguo hawana mkataba wala karatasi ya kuonyesha kwamba wamefanya kazi saa 16. Iwapo siku moja tutaanza kutoa saa za malezi kwa kumtaka mzazi athibitishe ajira, tutakuwa tumewapa wachache wenye hati na kuwanyima wengi wenye jasho. Afadhali saa zitolewe kwa mtoto, kama darasa la awali lilivyo sasa, na msaada wa mzazi utafutiwe njia yake.

Hata hivyo darasa la awali lenyewe hufungwa mapema, na mara nyingi kabla ya adhuhuri. Mama yuko sokoni mpaka jioni. Kati ya saa hizo mtoto hukaa na bibi, au na msichana wa kazi, au na dada yake ambaye kwa ajili hiyo hakwenda shuleni. Kila mwalimu mkuu wa shule ya msingi anawajua wasichana hao kwa majina. Elimu ya mdogo hununuliwa kwa elimu ya mkubwa, na hakuna safu katika orodha yetu ya mahudhurio ya kuandika biashara hiyo.

Nini basi kifanyike chuoni? Nitasema machache ambayo mwalimu aweza kuyafanya bila kungoja wizara.

La kwanza ni kuacha kuandika mahudhurio kwa alama moja ya siku. Mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha achore jedwali la juma lenye saa, aandike nani yupo lini, kisha atafute zile saa ambazo watoto wengi zaidi hukutana. Saa hizo ni za hadithi mpya, wimbo mpya, na mambo ya kundi zima. Jambo lolote la msingi lifundishwe angalau mara mbili, katika ncha mbili za juma, na hadithi ikae juma zima badala ya kubadilishwa kila siku. Watoto wadogo hawachoki na hadithi waliyoipenda. Sisi ndio tunaochoka.

La pili, kazi ya mkono ya mtoto isiyokwisha iwekewe mahali. Rafu moja yenye alama ya kila mtoto, maua kwa huyu na jogoo kwa yule, yatosha kumwonyesha anayerudi baada ya siku nne kwamba alisubiriwa. Nimeona vyumba vyenye vifaa vya gharama kubwa ambamo rafu hiyo haimo.

La tatu lahusu mchana. Katika utaratibu wa taifa wa England kila mtoto hana budi kuwa na mlezi wake maalum kituoni, mtu mmoja amjuaye na ajulikanaye na wazazi wake. Ni kanuni njema, lakini hupata kishindo pale ambapo mlezi mwenyewe ni mama mwenye kazi ya siku tatu, anayepiga hesabu ile ile ya saa 16. Basi walezi wawili washirikiane mtoto mmoja, na kuwe na daftari la kupokezana, lenye mistari miwili mitatu tu: alikula nini, alicheza na nani, neno gani jipya alilisema. Mwalimu wa asubuhi asiuone mchana kuwa ni makombo ya siku. Kuhesabu sahani, kutaja vyombo, kunawa kwa zamu, kutegeana vitendawili kabla ya kulala, kukunja mkeka: hayo yote ni lugha, hesabu na tabia, na hayahitaji kitabu. Yahitaji mtu mzima aliyefundishwa kuyaona. Kwa sasa vyuo vyetu humfundisha mwalimu wa asubuhi kwa miaka, na mlezi wa mchana mara nyingi huachwa ajifunze kwa kutazama.

La nne ni mazungumzo na mzazi. Mtoto akiandikishwa, sisi huuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, chanjo na simu. Tuulize pia: saa zako za kazi zikoje, na zikibadilika nani atakuja kumchukua? Liulizwe kwa heshima, bila kupekua kipato cha mtu, na jibu litumike katika kupanga. Endapo mama asema kwamba Jumanne na Ijumaa, ambazo ni siku za gulio, hawezi kufika kabla ya saa tisa, mwalimu atajua kwamba siku hizo mtoto atamhitaji zaidi, na mwalimu mkuu atajua kwamba ana watoto wangapi wa namna hiyo. Shule yenye watoto kumi na watano wa gulio inayo hoja ya kupeleka kwenye kamati ya shule na halmashauri ya kijiji: chumba tayari kipo, kimesimama kitupu tangu adhuhuri, uji waweza kuchangiwa, linalotakiwa ni mlezi mmoja wa saa nne. Nashauri kwamba katika mazoezi yajayo ya kufundisha kila mwanachuo wa elimu ya awali aandike jedwali hilo kwa darasa alilopangiwa, ajumlishe saa za mchana ambazo watoto hawana mtu mzima, na alikabidhi kwa mwalimu mkuu kabla hajarudi chuoni.